Tundu Chini ya Pua

Kikombe cha kwanza ambacho Leokadia Mgaya alikibuni kwenye Karakana ya Sura kilikataliwa na printa. Alikuwa amekihangaikia tangu asubuhi, akakizungusha kwenye kioo cha kompyuta, akakitazama juu na chini, akaona hakina kasoro. Lakini kila alipokituma, printa iliwasha taa nyekundu na kukaa kimya. Mwalimu Kilasi akaja, akaikuza picha mpaka mkono wa kikombe ukajaa kioo kizima, kisha akamwonyesha mahali ambapo mistari miwili haikukutana. Ulikuwa ufa mwembamba kuliko unywele.

"Mashine hii haijui kitu kilicho nusu," alimwambia. "Kwake kitu kimefungwa pande zote, au hakipo kabisa. Ukiona tundu, ziba."

Leokadia aliyashika maneno hayo. Kabla ya kuja kujifunza pale alikuwa msusi, na vidole vyake vilizoea kazi ndogondogo zinazotaka subira. Mwalimu Kilasi alimpokea kwa sababu hiyo. Kazi ya karakana ilikuwa kuchapa nyuso za watoto ambao bado hawajazaliwa, na miaka hiyo hapakuwa na ukoo pale Njombe ambao ungempa mtoto jina kabla ya kuuona uso wake. Mimba ikifika mwezi wa saba, mama alikuja karakana akavishwa mkanda wa skana tumboni. Baada ya siku chache familia ilirudi kuuchukua uso, saizi ileile ya mtoto, umefungwa kwenye kitenge kipya. Nyumbani uliwekwa sebuleni. Jamaa walikuja kuusalimia, wakabishana umefanana na nani, na kabla hawajaondoka jina lilikuwa limepatikana.

Alijifunza kubuni kwanza, kisha kuchapa, na kuskani mwisho kabisa, kwa kuwa kuskani ndiko kulikokuwa kugumu. Mkanda hutuma mawimbi ya sauti tumboni na kuyasikiliza yakirudi. Kila linaporudi wimbi, kompyuta inaweka nukta moja. Nukta zikiwa nyingi inaziunganisha kwa mistari, na unachokipata ni kama wavu wa goli uliotupwa juu ya uso wa mtu. Tatizo ni kwamba mtoto hakai kama anapigwa picha. Anaweka mkono shavuni, kamba ya kitovu inapita mbele ya jicho, na mahali hapo wimbi halirudi. Wavu unabaki na tundu. Basi programu inazitazama kingo za tundu na kukisia kilichokuwa katikati, halafu fundi anapitisha kalamu yake kulainisha. Leokadia aliskani kiatu chake, akaskani boga, akaskani mkono wake wa kushoto, na kila mara aliziba matundu mpaka Mwalimu Kilasi akashindwa kuonyesha yalipokuwa.

Mwalimu alipoona yuko tayari, alimkabidhi mama wa kwanza.

*

Mama huyo alikuwa Tulizo Nyagawa, mwanamke mpole aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche ya parachichi. Alikuja na mumewe, Yoramu Sanga, fundi wa mitambo ya upepo, pamoja na mama mkwe wake ambaye watu walimwita Mama Fedrika. Wakati Tulizo amelala kitandani na mkanda wake, mkwe wake alisimama karibu na kioo akitaka kuuona uso kabla ya wengine. Leokadia alimweleza kwa adabu kwamba mwanzoni hakuna cha kuona ila nukta.

Mtoto alikuwa wa kike, na hakutulia. Alisugua uso wake kwa ngumi muda wote, kwa hiyo wavu ukatoka na matundu mengi: sikio moja halikuwapo, paji la uso lilikuwa limechanika, na chini ya pua, upande wa kushoto, palikuwa na mwanya uliopanda kutoka mdomoni hadi tunduni mwa pua. Familia ilipoondoka Leokadia aliziba sikio kwa kunakili lile jingine. Paji la uso lilikuwa rahisi. Alipofika kwenye mdomo akasita, akamwita Mwalimu Kilasi. Yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya printa iliyoziba, mikono imejaa utomvu wa kuchapia. Alitupa jicho tu akasema ni kivuli cha ngumi, azibe.

Kwa hiyo akaziba. Programu ilikisia mdomo mnene usio na sura, nao haukumpendeza. Akaufuta akauchora mwenyewe kwa kalamu, akauinua kidogo pembeni ili mtoto aonekane kama anayetaka kucheka. Hakuwa na mtu yeyote akilini. Aliuchora kama alivyozoea kumalizia msuko: mkono unajua pa kusimama.

Siku waliyokuja kuuchukua, Mama Fedrika aliupokea kwa mikono miwili. Aliutazama kwa muda mrefu, halafu akaugeuzia kwa Yoramu.

"Mdomo ni wa Fedrika," alisema.

Fedrika alikuwa binti yake, dada yake Yoramu, aliyefariki kwa homa akiwa chuoni. Jina lilipatikana palepale karakana, hata kabla ya jamaa kukusanyika. Tulizo alilia, Yoramu akampa Leokadia mkono na kumshukuru zaidi ya mara moja. Leokadia alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakuikumbuka tangu aanze kujifunza.

*

Furaha hiyo iliondoka katikati ya somo. Mwalimu Kilasi alikuwa anamfundisha kuskani vitu ambavyo vina matundu kweli, na siku hiyo alileta chungu cha maua chenye tundu chini la kupitishia maji. Alimtaka azitazame kingo. Tundu la kivuli, alimweleza, lina kingo zilizoparuzika, mstari mmoja mrefu na mwingine mfupi, kwa sababu wimbi limekatizwa ovyo. Tundu la kweli lina kingo laini zinazojikunja kwa ndani, kwa kuwa pale kitu chenyewe kimeishia.

Leokadia aliukumbuka ule mwanya chini ya pua. Alisubiri somo liishe, kisha akafungua faili la mwanzo la mtoto wa Tulizo, lile la kabla hajaligusa. Tundu la sikio lilikuwa limeparuzika. La paji la uso pia. Lile la chini ya pua lilikuwa laini na kingo zake zilijikunja kwa ndani. Lakini upande wa juu, mahali ngumi ilipopita, kulikuwa na mistari mitatu iliyovunjika. Akaugeuza wavu, akautazama kwa nyuma, akautazama kwa chini. Alipoutazama upande mmoja aliona mdomo ulio wazi, na alipougeuza akaona kivuli. Kadiri alivyozidi kutazama ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa, mpaka akahisi kwamba hata mwanya wenyewe unasogea.

Alimwonyesha Mwalimu Kilasi. Safari hii alikaa kitini na kutazama vizuri, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema huenda ni kivuli. Halafu akasema huenda si kivuli. Leokadia aliuliza kama haifai wawaite wale watu.

Mwalimu Kilasi alimkumbusha sheria. Nyuso zilipoanza kuchapwa, karakana zilieleza kila zilichokiona, na wapo wanaume walioona uso wa mtoto wao wasirudi tena nyumbani. Wapo wanawake waliofukuzwa na mimba zao. Ndipo ikaamuliwa kwamba kliniki itamwambia mama yale tu yanayoweza kutibiwa kabla mtoto hajazaliwa, nayo karakana haitatamka neno lolote kuhusu ugonjwa au kasoro. Uso ni zawadi, si kipimo. Programu yenyewe ilikuwa imefunzwa hivyo: ikiona baka inalififisha, ikiona kope zilizolegea inazinyanyua kidogo, bila kumuuliza fundi.

"Mwalimu," Leokadia aliuliza, "umewahi kuziba lililo kama hili?"

Alijibu kwamba amechapa nyuso nyingi, na wazazi hawarudi karakana mtoto akishazaliwa. Hajui. Alilitamka kama mtu anayejiuliza swali hilo kwa mara ya kwanza, na baadaye siku hiyo Leokadia alimwona amesimama mbele ya rafu ya nyuso za mfano, mikono nyuma, akizitazama moja baada ya nyingine.

*

Alikwenda kwa Tulizo alasiri moja ya ukungu, bila kujua atasema nini. Njiani aliamua kunyamaza, akaamua kusema, akaamua tena kunyamaza. Kama ni kivuli, atakuwa amemtia mjamzito hofu ya bure katika wiki zake za mwisho. Kama si kivuli, hofu hiyo haitaziba kitu. Na kama akinyamaza, je, ananyamaza kwa ajili ya Tulizo au kwa ajili yake mwenyewe? Hilo la mwisho ndilo lililomsumbua zaidi, maana kila alipolijibu alipata jibu tofauti.

Alimkuta Mama Fedrika sebuleni akimenya viazi. Uso ulikuwa kwenye kabati karibu na televisheni, umevishwa kofia ya sufu ya rangi ya maziwa, na bibi alikuwa akizungumza nao huku anamenya, akiuambia habari za majirani. Alimkaribisha Leokadia kwa uchangamfu, akamsifu mbele ya uso ule kana kwamba unasikia. Alisema tangu umeingia nyumbani analala usingizi. Leokadia alikunywa chai, akasifia kofia, na alipoona hawezi tena kukaa aliaga, akamwomba Tulizo amsindikize.

Walitembea mpaka kwenye kona ya shamba la miti. Hapo akasema.

"Nilipokuwa natengeneza uso wa mtoto, kulikuwa na tundu chini ya pua. Nililiziba."

Tulizo alisimama, mkono mmoja juu ya tumbo. "Tundu kwenye picha, au kwa mtoto?"

"Sijui, dada. Ndiyo maana nimekuja."

Tulizo aliuliza kama ni kwa mtoto, itakuwaje. Leokadia alimweleza alichokijua, ambacho hakikuwa kingi: kwamba upo mdomo wazi ambao watoto huzaliwa nao, kwamba madaktari huushona mtoto akikua kidogo, na kwamba hakuna linaloweza kufanyika akiwa bado tumboni. Alijitolea kumskani upya siku ambayo karakana haina watu, ingawa akijulikana atafukuzwa. Tulizo alitaka kujua kama kuskani huko kutabadilisha chochote. Leokadia alisema hakutabadilisha.

"Basi niache hivihivi," Tulizo alisema. "Hizi wiki zilizobaki nataka kuzimaliza nikiwa na mtoto, sio nikiwa na tundu. Na Yoramu usimwambie."

Aligeuka akarudi nyumbani taratibu. Leokadia alibaki kwenye kona ile. Alikuwa ametarajia kwamba akishasema atajisikia mwepesi. Badala yake sasa kulikuwa na watu wawili wasiojua, na mmoja wao alikuwa na amani kabla yeye hajabisha hodi.

*

Habari za kuzaliwa kwa mtoto zililetwa karakana na Yoramu mwenyewe. Aliingia bila salamu, uso umo kwapani, akauweka mezani kwa Leokadia.

"Dada, huyu ni mtoto wangu au si mtoto wangu?"

Leokadia alimjibu kwamba ni wake.

"Basi yule aliyeko kituo cha afya si wangu."

Hakupandisha sauti. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa ya mtambo ulioharibika. Mkewe amejifungua salama. Wamepewa mtoto mwenye mdomo uliopasuka mpaka puani. Yeye na mama yake wameupeleka uso huko, wameuweka kando ya mtoto, na kila mtu ameona si mmoja. Asubuhi hiyo walijifungua wanawake kadhaa, kwa hiyo mahali fulani mtoto wake amelala kwenye kitanda cha mtu mwingine. Damu imeshachukuliwa kupimwa, lakini majibu ni mpaka yatoke Mbeya, na hata hayo ataamini vipi, wakati wanaopeleka ni walewale waliochanganya watoto? Alitaka karakana iandike kwamba uso ule ni sahihi, awaonyeshe polisi.

Mwalimu Kilasi alimwomba atangulie kituoni, watakuja. Yoramu alipouchukua uso na kutoka, Mwalimu alifunga mlango.

Aliongea akitazama sakafu. Alisema kawaida faili la mwanzo hufutwa mtoto akizaliwa, na leo ndiyo siku yenyewe. Hamlazimishi. Ila likitoka mle ndani, karakana itafungwa, na wote wawili wataitwa kujibu. Leokadia aliuliza mtoto ananyonya kwa nani wakati majibu yanasubiriwa. Mwalimu Kilasi hakujua. Alisema hata yeye hajui anataka Leokadia afanye lipi, kisha akaenda kufungua printa ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Leokadia alilifungua faili. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuchapa wavu wenye matundu. Mafunzo yote yalikuwa ya kuyaondoa. Alifikiri kidogo. Printa inakataa tundu kwa sababu wavu hauna unene, ni kama karatasi isiyo na upande wa pili. Basi akaupa unene wa ukucha, mbele na nyuma, na kila tundu likapata ukuta wake mwembamba. Printa haikuwasha taa nyekundu. Uso uliotoka ulikuwa mbaya kuutazama: sikio moja halipo, paji limechanika, na mdomo uko wazi. Aliufunga kwa mtandio wake mwenyewe akaondoka.

*

Kituoni alielekezwa chumba cha mwisho. Tulizo alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mtoto alikuwa kwenye kitanda kidogo katikati ya chumba, mbali na kila mtu, akilia kilio chembamba cha mtu aliyechoka kulia. Mama Fedrika alikaa kwenye benchi na Yoramu alisimama dirishani. Muuguzi, mwanamke mtu mzima aitwaye Hongera, alimweleza Leokadia kwa sauti ya chini kwamba mtoto amepewa maziwa kwa kijiko, lakini paa la kinywa nalo limepasuka na mengi yanamtokea puani. Mama yake hajamgusa. Wanamwambia si wake, naye hasemi kitu.

Leokadia aliufungua mtandio akaulaza uso kando ya mtoto.

Mwanya ulianzia mahali pamoja, ukapanda kwa mshazari uleule, ukaivuta pua upande uleule. Kidevu kilikuwa kimoja. Yoramu alisogea. Aliingiza kidole kwenye mwanya wa uso uliochapwa, akakipitisha kutoka chini hadi juu, kisha akakipeleka karibu na mdomo wa mtoto bila kumgusa.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Niliona tundu, kaka. Sikujua ni la mashine au la mtoto. Nikaliziba."

"Ungetuambia."

Kabla Leokadia hajajibu, Tulizo alisema, bado ameelekea ukutani, "Aliniambia."

Yoramu aligeuka. Tulizo alijiinua kwa taabu akakaa. Alieleza kwamba Leokadia alikuja, wakaongea njiani, na yeye ndiye aliyemkataza kusema. Alisema alifikiri akiwa tayari kidogo itamsaidia siku ya siku, lakini haikumsaidia. "Nilipomwona, nikatamani iwe kweli amebadilishwa," alisema. "Nilikuwa najua, na bado nikatamani. Mliposema si wetu, nikawaacha mseme."

Yoramu alimtazama mkewe kama anayetafuta aanze kumkasirikia nani. Hakumpata. Alitoka, na wakamsikia akitembea kwenye korido, anakwenda, anarudi.

Mama Fedrika alikuwa bado kwenye benchi, ule uso wa kwanza mapajani mwake.

"Wewe binti," alimwita Leokadia. "Huu mdomo uliutoa wapi?"

"Niliubuni, mama."

"Binti yangu hukuwahi kumwona? Hata picha?"

"Sikuwahi."

Bibi aliutazama uso mapajani, akamtazama mtoto, akautazama tena uso. Alipitisha kidole gumba juu ya ile midomo iliyoinuka pembeni. Leokadia alisubiri alaumiwe, akaona lawama ingekuwa nafuu. Lakini bibi alikuwa anajaribu kuelewa jambo na lilikuwa linamshinda. Mwishowe aliuvua ule uso kofia ya sufu, akainuka, akaenda kumvalisha mtoto. Ilikuwa kubwa kidogo. Akamwinua akamweka mikononi mwa Tulizo, akarudi kukaa, na hapo ndipo akalia.

Hongera hakuwaacha wakae sana na machozi. Alisema mtoto ana njaa. Watoto kama huyu wanatengenezewa kifuniko chembamba cha kuziba paa la kinywa ili waweze kunyonya mpaka siku ya upasuaji, na yeye mwenyewe amewahi kuvishika vifuniko hivyo. Vinaagizwa mbali na vinachelewa. Lakini kama kuna mtu anayeweza kuskani kinywa na kuchapa, hakuna sababu ya kusubiri. Aliposema hivyo alimtazama Leokadia, na Tulizo naye akamtazama.

Leokadia alisema yeye bado mwanafunzi, na wameona wenyewe alichofanya. Watafute mwingine.

"Mwingine yuko wapi?" Tulizo aliuliza. Mtoto alikuwa amekishika kidole chake. "Hata mimi ndiyo kwanza najifunza. Fanya."

Leokadia alimpigia simu Mwalimu Kilasi akitegemea kukataliwa. Mwalimu alikuja mwenyewe, amebeba skana ya mkono iliyo nyembamba kama kalamu na chupa ya utomvu unaotengenezewa meno ya bandia. Hakutaja sheria. Alimwachia Leokadia kazi, akakaa kumshikia taa.

Hongera alimfungua mtoto kinywa na Leokadia akapitisha skana taratibu juu ya fizi na kaakaa. Wavu ulipotokea kwenye kompyuta, programu ilimuuliza kama iyazibe matundu. Mkono wake ulikuwa tayari unakwenda kukubali. Akaurudisha. Alibuni kifuniko kinachopita juu ya mwanya bila kuugusa, kikishikilia pande zilizo nzima. Cha kwanza kilimkaba mtoto wakakitoa haraka. Kilichofuata kililegea na maziwa yakapita. Alirudi karakana, akakipunguza huku na kukiongeza kule, akakisugua kingo kwa msasa mpaka ulimi wake mwenyewe ulipokipima haukukwaruzwa, akakiosha, akakirudisha. Hongera alikiweka. Mtoto alikunja uso, akakichezea kwa ulimi, akanyamaza. Tulizo alimpa kijiko cha kwanza. Kila mtu chumbani alikuwa anaitazama pua ya mtoto. Haikutoka kitu. Koo lilipanda likashuka. Tulizo alimpa kijiko kingine, na kingine.

Leokadia alikusanya vifaa vyake. Alijua kwamba kesho au keshokutwa ataitwa kujibu, na hakujua atajibu nini wakimuuliza kosa lake lilikuwa lipi: kuziba, au kusema, au kusema nusu. Alipofika mlangoni alimkuta Yoramu ameegemea ukuta, haijulikani tangu saa ngapi.

Hakumtazama usoni. Aliuliza kile kitu kinasafishwaje.

Leokadia alimweleza. Kitolewe kila baada ya kunyonya, kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisuuzwe vizuri. Kisichemshwe, kwa sababu kitajikunja. Kabla ya kukirudisha, mtu anawe mikono na kukipapasa kingo kwa kidole, asije akamkwaruza mtoto.

Yoramu alimwomba arudie. Akarudia. Kisha Yoramu naye akayasema kwa sauti, akihesabu kwa vidole, akakosea kwenye kuchemsha. Leokadia alimrekebisha. Yoramu alianza tena tangu mwanzo, taratibu, na alipofika mwisho bila kukosea aliitikia kwa kichwa, akaingia chumbani.